Chaki Haichagui Ubao: Kuchagua Umbizo la Video kwa Katuni za Kufundishia

1. Utangulizi

Katika miaka ya 2010 vijana wa wilaya ya Maswa walianzisha kiwanda cha kutengeneza chaki. Hawakuwa na haja ya kuuliza chaki zao zitaandika katika ubao wa shule ipi. Chaki iliyotengenezwa Maswa huandika Bariadi, huandika Itilima, na huandika vilevile Meatu na Busega. Chaki haichagui ubao.

Video haina tabia hiyo njema. Katuni iliyochezwa vizuri katika kompyuta ya chuo yaweza kukataa kabisa kufunguka katika televisheni ya shule, au ikafunguka nusu: sauti ikasikika na picha isionekane. Mwalimu ambaye hakulijua jambo hilo mapema hulijua mbele ya watoto, na hapo ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kujifunzia.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu mtarajiwa wa shule ya msingi kuchagua umbizo la video ambalo katuni yake itawafikia wengine bila kukwama. Kwa neno katuni tuna maana ya picha za kuchora, za vibonzo au za vitu halisi zilizopigwa moja moja, kisha zikapewa mwendo. Kazi ambayo wataalamu wa lugha wameiita uhuishaji. Hatutafundisha hapa jinsi ya kuchora. Tutashughulika na hatua ya mwisho tu, yaani kuitoa katuni katika programu iliyoitengeneza ili iwe video ya kugawa. Hatua hiyo huchukua dakika chache, na kwa sababu hiyo wengi huidharau.

2. Tukio lililotufunza

Wakati mmoja wa mazoezi ya kufundisha tulikwenda kumkagua mwanachuo wetu katika shule moja iliyo nje ya mji wa Bariadi. Somo lake lilikuwa mzunguko wa maji. Kwa majuma mawili alikuwa ametengeneza katuni fupi juu ya safari ya tone la maji: linapanda kama mvuke kutoka Ziwa Victoria, linakuwa wingu, linanyesha juu ya mashamba ya pamba, kisha linarudi ziwani kwa njia ya Mto Simiyu. Tuliiona katuni hiyo chuoni, na tuliisifu.

Darasa lilijaa kupita kiasi. Watoto walikaa hata sakafuni, nao walikuwa wameahidiwa kuiona mvua ikizaliwa. Mwanachuo alichomeka flashi katika televisheni ya shule, akabonyeza. Sauti ya mvua ikasikika. Kioo kikabaki cheusi. Akachomoa flashi, akachomeka tena. Hali ikawa ile ile. Mtoto mmoja wa mstari wa mbele akauliza, “Mwalimu, mvua iko wapi?” Mwanachuo akashika chaki, akachora ubaoni, na somo likaendelea hadi mwisho. Lakini mwendo, ambao ndio uliokuwa sababu ya kutengeneza katuni ile, haukuonekana.

Katika karatasi ya tathmini tulimpa alama ndogo kwenye kipengele cha zana. Tulipokuwa njiani kurudi tulijiuliza: je, tulikuwa tumemfundisha lolote juu ya jambo lililomkwamisha? Hatukuwa tumemfundisha. Tulimfundisha kutengeneza katuni, tukamfundisha kuandika andalio la somo, lakini hatukumwambia kwamba tableti yake iliitoa video kwa namna ambayo televisheni ile haikuijua. Alama ile ilikuwa yetu kwa sehemu kubwa. Makala haya ni jaribio la kulipa deni hilo.

3. Kasha na mshindilio

Ili kuelewa kilichotokea, hatuna budi kutenganisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya.

Mkoa wetu wa Simiyu ni mkoa wa pamba, kwa hiyo na tuchukue mfano wa kinu cha kuchambulia pamba. Pamba iliyochambuliwa hushindiliwa kwa mashine, hufungwa kuwa robota, kisha husafirishwa. Anayeiona barabarani huona robota kwa nje. Jinsi pamba ilivyoshindiliwa ndani ni habari nyingine.

Faili la video liko hivyo. Lina sehemu ya nje iitwayo kasha, ambayo hushika pamoja picha, sauti na maelezo mengine. Aina ya kasha ndiyo tunayoiona mwishoni mwa jina la faili: MP4, MOV, AVI, MKV, WMV, 3GP au WebM. Ndani ya kasha, picha na sauti zimeshindiliwa kwa kanuni maalumu. Kanuni hiyo huitwa kodeki. Kodeki za picha zinazokutwa mara nyingi leo ni H.264, iliyopitishwa 2003, na H.265, iliyofuata 2013. Kwa upande wa sauti, zilizoenea zaidi ni AAC na MP3. Kasha na kodeki kwa pamoja ndivyo tunavyoviita umbizo.

Jambo la kushika ni hili: kasha moja laweza kubeba kodeki mbalimbali. Faili mbili zenye mwisho wa MP4 zaweza kuwa tofauti ndani, moja ikiwa na H.264 na nyingine H.265. Televisheni ya miaka kumi iliyopita yaweza kuicheza ya kwanza na kuikataa ya pili. Ndivyo ilivyokuwa kwa mwanachuo wetu. Televisheni ilikuwa na uwezo wa kufungua kasha, ikaielewa sauti, lakini picha ilikuwa imeshindiliwa kwa H.265, kanuni ambayo chombo kile hakikuijua. Tableti na simu nyingi za siku hizi huitumia H.265 bila kumwuliza mwenye nayo.

Kutokana na hayo, msomaji ataona kosa la wale wanaobadili herufi za mwisho za jina la faili, kutoka MOV kuwa MP4, wakidhani wamebadili umbizo. Kuandika neno sukari juu ya gunia la chumvi hakuigeuzi chumvi kuwa sukari. Umbizo hubadilishwa kwa programu inayofungua video na kuishindilia upya.

4. Kwa nini video hushindiliwa

Mwanachuo aweza kuuliza: kwa nini tusiiache video kama ilivyo, bila kuishindilia, ili kila chombo kiisome? Hesabu itajibu.

Tuchukue picha yenye nukta 1280 kwa upana na 720 kwa urefu. Kila nukta huhitaji baiti 3 kuhifadhi rangi yake. Basi picha moja ni:

1280 × 720 × 3 = baiti 2,764,800.

Televisheni za kwetu zilijengwa juu ya mfumo wa picha 25 kwa sekunde. Kwa hiyo sekunde moja ni:

2,764,800 × 25 = baiti 69,120,000.

Katuni ya dakika 3, yaani sekunde 180, itakuwa:

69,120,000 × 180 = baiti 12,441,600,000.

Hizo ni gigabaiti 12 na zaidi kwa katuni ya dakika 3, na sauti hatujaiongeza. Flashi ya gigabaiti 8 haiwezi kuipokea.

Kodeki huokoa nafasi kwa njia ambayo mwalimu huitumia kila siku bila kuifikiri. Mwalimu akichora mti ubaoni na ndege aliyetua, kisha akataka kuonyesha ndege ameruka, hafuti ubao wote na kuchora mti upya. Hufuta ndege tu, akamchora mahali papya. Kodeki hufanya vivyo hivyo: huhifadhi picha moja kamili, halafu katika picha zinazofuata huandika yale yaliyobadilika tu, hadi hapo itakapohifadhi tena picha nyingine kamili. Katuni zenye mandhari iliyotulia hushindilika vizuri kwa sababu hii.

Ukubwa wa faili lililoshindiliwa hukadiriwa kwa kasi ya data, yaani idadi ya biti zinazotumika kwa kila sekunde. Biti 8 hufanya baiti 1. Tukichagua kilobiti 1,000 kwa sekunde kwa picha na kilobiti 100 kwa sauti, katuni yetu itakuwa:

1,100 × 180 ÷ 8 = kilobaiti 24,750, yaani megabaiti 25 hivi.

Tumetoka gigabaiti 12 hadi megabaiti 25. Faili limekuwa dogo mara 500.

Lakini ushindiliaji huu hauna njia ya kurudi. Pamba ikishachambuliwa, mbegu hazirudishwi katika nyuzi zake. Vivyo hivyo, habari iliyotupwa na kodeki haipatikani tena, na video inayoshindiliwa mara kwa mara huharibika kila mara. Kwa hiyo lazima mwalimu atunze faili la asili la kazi yake, lile ambalo programu hulifungua kwa kuhariri. Kwa mfano, faili la PowerPoint huishia na pptx, la Blender na blend, la Scratch na sb3. Faili hizo si za kugawa, kwa maana anayezipokea huhitaji programu yenye uwezo wa kuzifungua. Ni ghala. Kila unapohitaji video ya namna nyingine, rudi ghalani. Usiishindilie upya video iliyokwisha kushindiliwa.

5. Anza na mpokeaji

Tunapoandaa somo tunaanza na mtoto: ana umri gani, anajua nini, anasema lugha gani nyumbani. Kanuni hiyo hiyo ifuatwe katika kuchagua umbizo. Swali la kwanza lisiwe, “Programu yangu inaweza kutoa nini?” Liwe, “Chombo duni kuliko vyote vitakavyoipokea katuni hii ni kipi?” Video iliyoandaliwa kwa chombo duni huchezwa na vyombo bora pia, mradi picha isifanywe ndogo kupita kiasi. Video iliyoandaliwa kwa chombo bora huwaacha wengine gizani.

Katika shule na nyumba za mkoa wetu mwalimu atakutana na vyombo kama hivi:

(a) Kompyuta. Hii ndiyo yenye uvumilivu mkubwa. Ikiwekewa programu ya bure ya VLC hufungua karibu kila umbizo. Uvumilivu huo ni mtego, kwa sababu humfanya mwalimu aamini kwamba video yake ni nzima kwa kila chombo.

(b) Televisheni na ving'amuzi vyenye tundu la flashi. Vingi husoma MP4 yenye H.264. Vilivyo vya zamani hukataa H.265, na vingine hukataa picha kubwa mno.

(c) Deki za DVD. Zile zenye tundu la flashi mara nyingi husoma AVI ya kodeki za zamani, kama Xvid, na huenda zisiijue H.264 kabisa. Zisizo na tundu huhitaji diski iliyoandaliwa kama DVD ya kawaida, ambayo hutumia kodeki ya MPEG-2, na kwa mfumo wa kwetu picha huwa na nukta 720 kwa 576.

(d) Simu janja. Nyingi husoma MP4 yenye H.264 bila shida. Tatizo la simu huwa ni nafasi na gharama ya bando.

(e) Simu ndogo za vitufe. Zenye uwezo wa kucheza video huhitaji picha ndogo sana, kwa kawaida katika 3GP yenye nukta 176 kwa 144 au 320 kwa 240. Katuni yenye maandishi haifai kupelekwa huko.

(f) Sabufa na redio zenye tundu la flashi. Hizi hazina kioo, lakini husoma sauti ya MP3. Shule isiyo na televisheni yaweza kupewa sauti ya katuni peke yake, mradi masimulizi yanajitosheleza. Msimulizi anayesema tu “tazama hapa” hamsaidii msikilizaji. Anayesema “jua linayapasha moto maji ya ziwa, mvuke unapanda” amefundisha hata bila picha.

Watengenezaji wakubwa nao hufanya hivyo. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam, lililoanzishwa 2013, lilianza kurusha katuni za Ubongo Kids kupitia TBC1 mwaka 2014. Baadaye masomo ya shirika hilo yaliwafikia watoto kwa redio na kwa mtandao pia. Kazi ni moja, milango ni mingi, na kila mlango una kipimo chake.

6. Chaguo la msingi

Kutokana na hayo tuliyoyaeleza, tunapendekeza chaguo moja la msingi kwa katuni zote za darasani. Mwanachuo alikariri kama anavyokariri sehemu za andalio la somo:

Kasha: MP4.
Kodeki ya picha: H.264.
Kodeki ya sauti: AAC.
Ukubwa wa picha: nukta 1280 kwa 720, na 640 kwa 360 kwa kutuma kwa simu.
Idadi ya picha kwa sekunde: 25, na isizidi 30.
Mpango wa rangi: 4:2:0, ambao katika programu nyingine huandikwa yuv420p.

Kuhusu idadi ya picha, mwanachuo asiogope. Wachoraji wengi wa katuni huchora picha 12 tu kwa sekunde na kuionyesha kila moja mara mbili, zikawa 24. Mwenye kuchora kwa mkono hana haja ya kutafuta picha 60; faili litanenepa na vyombo dhaifu vitakwamakwama.

Kuhusu mpango wa rangi, 4:2:0 maana yake ni kwamba kila nukta huwa na mwanga wake, lakini nukta nne jirani hushirikiana rangi moja. Jicho la binadamu halitambui upungufu huo kwa urahisi, na vyombo vya nyumbani vimejengwa kwa mpango huu. Baadhi ya programu za uhuishaji hutoa 4:4:4, ambapo kila nukta ina rangi yake. Video hiyo hupendeza katika kompyuta na hukataliwa na televisheni, ingawa jina lake ni MP4 na kodeki yake ni H.264. Hili ni kosa lililojificha sana.

Msomaji aweza kuuliza juu ya GIF, umbizo la tangu 1987 ambalo bado huonekana mtandaoni. GIF haina sauti, na kila picha yake haizidi rangi 256. Yafaa kwa mchoro mdogo unaojirudia ndani ya maandishi, kwa mfano moyo unaopiga, lakini haifai kwa somo lenye masimulizi.

7. Hatua za kutoa katuni

Kwa mwanachuo anayetumia PowerPoint, ambayo ndiyo programu iliyo karibu na wengi wetu, hatua ni fupi. Fungua menyu ya faili, nenda sehemu ya kuhamisha, chagua kutengeneza video, kisha chagua ukubwa wa 720p. Dirisha la kuhifadhi likifunguka, angalia aina ya faili: chagua MP4, wala usichague WMV, ambayo vyombo vingi visivyo kompyuta haviisomi.

Kwa anayetumia programu ya simu, achague 720p na picha 25 au 30 kwa sekunde. Ikiwa programu inatoa nafasi ya kuchagua kati ya H.264 na H.265, achague ya kwanza.

Kwa aliyepokea video ya umbizo lisilofaa na asiyekuwa na faili la asili, iko programu ya bure ya kompyuta iitwayo HandBrake. Fungua video hiyo, chagua kasha la MP4, kodeki ya H.264 na sauti ya AAC, kisha anza. Ubora utapungua kidogo, lakini afadhali picha iliyofifia kidogo kuliko kioo cheusi.

Mambo matatu yafuatayo yanahusu katuni hasa:

Kwanza, mistari myembamba na herufi ndogo ndizo huumia kwanza katika ushindiliaji. Chora kwa mistari minene, andika kwa herufi kubwa. Epuka herufi nyekundu juu ya bluu, kwa sababu rangi hushirikishwa na nukta jirani na kingo zake hufifia. Herufi nyeusi juu ya nyeupe hudumu.

Pili, acha ukingo mtupu kila upande wa picha, kiasi cha sehemu moja ya kumi. Baadhi ya televisheni hukata kingo, na neno lililo pembeni hupotea.

Tatu, lipe faili jina fupi lisilo na alama za ajabu, kama tone_la_maji.mp4. Vyombo vingine hushindwa kusoma majina marefu.

8. Kugawa na kujaribu

Flashi nyingi hutayarishwa kwa mpangilio uitwao FAT32, ambao televisheni na sabufa nyingi huusoma. Mpangilio huo haupokei faili moja la kufikia gigabaiti 4. Kwa katuni zilizotolewa vizuri hilo si tatizo. Likitokea, ni dalili kwamba hukushindilia ipasavyo.

Unapotuma kwa WhatsApp, programu hiyo huishindilia video upya ili iwe nyepesi, na herufi ndogo hupotea. Ukitaka ifike kama ilivyo, itume kama hati, si kama video. Vinginevyo peleka kwa flashi au memori kadi; bodaboda itokayo Bariadi mjini kwenda kijijini haitumii bando.

Hatua iliyo kubwa kuliko zote ni kujaribu, na kujaribu huko kufanyike katika chombo kile kile kitakachotumika darasani. Usijaribu katika kompyuta ya chuo ukaridhika. Nenda shuleni siku moja kabla, omba ruhusa ya mwalimu mkuu, chomeka flashi, na uitazame katuni yote tangu mwanzo hadi mwisho. Kaa mahali pa mtoto wa mwisho nyuma ya darasa, uone kama herufi zinasomeka na sauti inafika.

Likitokea tatizo, dalili zifuatazo zitakuongoza:

Sauti inasikika, picha haionekani: kodeki ya picha haijulikani. Toa upya kwa H.264 na 4:2:0.
Picha inaonekana, sauti haisikiki: kodeki ya sauti haijulikani. Toa upya kwa AAC.
Faili halionekani kabisa katika orodha: kasha halijulikani, au flashi haikutayarishwa kwa FAT32.
Picha inakwamakwama: picha ni kubwa mno au kasi ya data imezidi. Punguza.
Picha zina vipandevipande kama vigae: kasi ya data ni ndogo mno. Ongeza.

Pamoja na hayo yote, andalio la somo liwe na njia ya pili. Umeme waweza kukatika hata pale umbizo lilipo sahihi. Mwanachuo wetu aliokolewa na chaki, na kwa hilo alistahili sifa.

9. Hitimisho

Juma lililofuata mwanachuo yule alirudi katika darasa lile lile. Alikuwa ameitoa katuni upya kutoka katika faili la asili, na siku iliyotangulia aliijaribu katika televisheni ya shule. Tone la maji lilipanda, likawa wingu, likanyesha. Watoto wakaomba irudiwe mara tatu. Tuliibadili alama yake, na tukaongeza katika ratiba yetu kipindi kimoja juu ya mambo tuliyoyaeleza hapa.

Mwalimu anayetengeneza katuni hutumia siku nyingi kwa dakika chache za mwendo. Asiruhusu kazi hiyo ipotee kwa chaguo la sekunde moja alilolifanya bila kufikiri. Chaki haichagui ubao. Video huchagua, na ni wajibu wa mwalimu kuujua ubao huo kabla ya kuingia darasani.

Maswali na mazoezi

1. Eleza tofauti kati ya kasha na kodeki kwa kutumia mfano wa kwako mwenyewe ambao mtoto wa darasa la tano ataweza kuuelewa.

2. Katuni ina urefu wa dakika 4. Kasi ya data ya picha ni kilobiti 800 kwa sekunde na ya sauti kilobiti 64. Kadiria ukubwa wa faili kwa megabaiti.

3. Tembelea shule utakayofanyia mazoezi. Orodhesha vyombo vyote vyenye uwezo wa kucheza video au sauti, na uonyeshe kipi ni duni kuliko vyote. Chagua umbizo linalokifaa.

4. Mwenzako amebadili jina la faili kutoka mvua.mov kuwa mvua.mp4, na televisheni bado inalikataa. Mweleze sababu, kisha mwonyeshe la kufanya.

5. Andika masimulizi ya dakika 2 juu ya kuota kwa mbegu ya pamba, yatakayoeleweka kwa anayetazama na kwa anayesikiliza sabufa tu. Wasomee wenzako wakiwa wamefumba macho, kisha waulize walichokiona.